Gari la Mashindano Mbele ya Mkaguzi: Somo la Kani na Nishati

Kabla gari lolote halijaruhusiwa kushiriki mashindano ya mwendo wa kasi, hapana budi lipite kwanza mbele ya wakaguzi. Watazamaji wengi hawaioni kazi hiyo, kwa kuwa hufanyika kabla ya siku ya bendera, gerejini au uwanjani, pasipo shangwe wala ngurumo za injini. Mkaguzi huja na kurunzi, rula, kioo kidogo chenye mpini mrefu, na mikono yake miwili. Hutikisa, huvuta, hupapasa mahali pasipoonekana. Gari lililommaliza mwenyewe akiba ya miaka kadhaa huweza kurudishwa nyumbani kwa sababu ya betri inayochezacheza.

Jambo hili huwaudhi sana madereva wa ridhaa, yaani wale wasiolipwa na kampuni yoyote, ambao hutengeneza magari yao wenyewe jioni baada ya kazi. Dereva wa namna hiyo amesoma kanuni, akanunua kila kifaa kilichotajwa na kukifunga garini. Mbona basi anakataliwa? Jibu ni kwamba mkaguzi haulizi tu kama kifaa kipo. Huuliza kifaa hicho kitafanya nini katika sehemu ndogo ya sekunde ambamo gari litasimama ghafula au kupinduka. Swali hilo linaweza kujibiwa kwa fizikia ya kidato cha tatu na cha nne, na ndilo somo la makala haya.

Afrika ya Mashariki ina historia yake katika mchezo huu. Mashindano yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoshiriki yalikuwa ya kawaida kama yalivyouzwa dukani. Hata madaraja yake yalipangwa kwa kufuata bei ya gari. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na huenda hilo halikuwa jambo la bahati tu. Tangu siku hizo kasi imeongezeka mno, na kanuni za usalama zimeongezeka pamoja nayo. Nyingi kati ya zile zinazofuatwa leo hutokana na vipimo vya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ijapokuwa kila nchi na kila chama huweza kuwa na nyongeza zake.

Umbali wa kusimama

Na tuchukue mfano wa dereva mwenye tungamo la kilo 75, aliyemo katika gari liendalo kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kwa sekunde. Nishati yake ya mwendo ni nusu ya 75 mara 20 mara 20, ambayo ni jouli 15,000. Gari likigonga mti, nishati hiyo yote lazima imtoke. Kazi ni kani mara umbali. Kwa hiyo kadiri umbali wa kusimama unavyokuwa mfupi, ndivyo kani inavyokuwa kubwa.

Ikiwa pua ya gari itakunjamana, na mikanda itanyumbuka kidogo, hata mwili wa dereva usimame katika umbali wa sentimeta 60, kani ya wastani itakuwa 15,000 gawanya kwa 0.6, yaani nyutoni 25,000. Hiyo ni takriban mara 34 ya uzito wake. Ikiwa hakufunga mkanda, mwili wake utaendelea kwenda mbele kwa kasi ile ile mpaka ukutane na usukani, na hapo utasimama pengine katika sentimeta 5 tu. Kani sasa ni nyutoni 300,000, yaani zaidi ya mara 400 ya uzito wake. Gari ni lile lile na mti ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali.

Je, mwanadamu anaweza kustahimili mara 34 ya uzito wake? Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico nchini Marekani, daktari wa jeshi la anga aitwaye John Paul Stapp alifungwa imara juu ya kigari cha roketi kilichokwenda reli kwa kasi ya kilometa 1,017 kwa saa, kisha kikasimamishwa katika sekunde 1.4. Katika kilele chake kani ilifikia mara 46.2 ya uzito wake. Mishipa midogo ya macho yake ilipasuka na kwa muda hakuweza kuona, lakini alipona, na akaishi hadi mwaka 1999. Jaribio lake lilionyesha kwamba mara nyingi kinachomuua dereva si kupungua kwa kasi kwenyewe, bali ni namna mwili wake ulivyoshikiliwa.

Mikanda

Mkanda wa gari la kawaida hupita juu ya bega moja. Wa gari la mashindano hupita juu ya mabega yote mawili, ukazunguka nyonga, na kuwa na kipande kimoja au viwili vinavyopita kati ya mapaja. Vipande hivyo vya mapajani huwachekesha vijana, lakini vina kazi kubwa: huuzuia mkanda wa nyonga usipande juu. Mifupa ya nyonga huweza kubeba maelfu ya nyutoni; tumbo haliwezi.

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni pembe ya mikanda ya mabega. Dereva wa ridhaa huona tundu la boliti lililotobolewa na kiwanda kwenye sakafu, nyuma ya kiti, akaifunga mikanda hapo. Sasa mkanda unatoka begani na kuteremka kwa ukali kuelekea chini. Mwanafunzi ajuaye trigonometria ataona hatari yake mara moja. Ikiwa mkanda wa nyuma unateremka kwa pembe ya nyuzi 45, sehemu ya mkazo wake inayolikandamiza bega kuelekea chini ni mkazo wenyewe mara saini ya 45, yaani 0.71. Ukiteremka kwa nyuzi 10, sehemu hiyo ni 0.17 tu. Mkandamizo huo wote huishia kwenye uti wa mgongo. Ndiyo sababu kanuni za FIA zinakataa pembe ipitayo nyuzi 45 na kupendekeza isizidi 10. Na ndiyo sababu mikanda ya mabega hufungwa kwenye bomba la kulalia la kizimba, nyuma ya kiti, badala ya sakafuni.

Mahali pa kufungia nako kuna hesabu yake. Boliti yenye kipenyo cha milimita 12 na alama 8.8 kichwani imetengenezwa kwa chuma kinachovumilia mvuto wa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Boliti moja ya namna hiyo hustahimili zaidi ya nyutoni 60,000. Kwa hiyo boliti haikatiki kwa urahisi. Kinachochanika ni bati la sakafu, ambalo mara nyingi halifiki unene wa milimita 1. Hapo ndipo mkaguzi anapolala chali chini ya gari kutafuta kipande cha chuma cha kusaidia bati, chenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimeta za mraba 40 au zaidi. Akikuta washa ndogo peke yake, gari halipiti.

Kuhusu umri, mkanda wa kiwango cha FIA huwa na kibandiko chenye mwaka wa mwisho wa kutumika, na mkaguzi hausikilizi utetezi kwamba mkanda unaonekana mpya. Kila mtu wa pwani amepata kuona kamba ya nailoni iliyoachwa juani miezi mingi ilivyo ngumu na dhaifu. Nyuzi za mkanda nazo huharibiwa na mwanga wa jua, na jua la Ikweta halina huruma. Mkanda uliokwisha kufanya kazi katika ajali moja hutupwa, kwa maana nyuzi zake zimekwisha kunyumbuka na hazitanyumbuka tena kwa kiasi kilichotarajiwa.

Mikanda inayoushika mwili vizuri huleta taabu nyingine: kiwiliwili kinasimama, kichwa na kofia yake ngumu vinaendelea mbele, na shingo ndiyo inayolipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Robert Hubbard, mtaalamu wa mitambo ya mwili wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, akishirikiana na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mashindano, alibuni kifaa kinachokaa mabegani chini ya mikanda na kuishika kofia kwa vitani viwili. Kifaa hicho kilipuuzwa kwa miaka mingi. Kililazimishwa katika Formula 1 mwaka 2003, baada ya madereva kadhaa kufa kwa majeraha ya aina hiyo hiyo.

Kizimba cha chuma

Paa la gari la kawaida halikujengwa ili libebe gari zima linaloanguka kichwa chini. Kwa sababu hiyo ndani ya gari la mashindano hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma. Hapa ndipo fedha nyingi za dereva wa ridhaa zinapokwenda, na hapa ndipo makosa yasiyosahihishika yanapofanyika.

Kanuni za FIA zinataka upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya viti, uwe wa bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Kwa nini bomba lenye uwazi, na si nondo iliyojaa? Mwanzi unalijua jibu. Ukinzani wa kupinda hutegemea jinsi chuma kilivyo mbali na mstari wa katikati, na katika hesabu yake kipenyo hupandishwa hadi kipeo cha nne. Kwa bomba la milimita 45 na 2.5 hesabu ni π gawanya kwa 64, mara tofauti ya 45 kipeo cha nne na 40 kipeo cha nne. Jibu ni takriban 75,600. Nondo iliyojaa yenye uzito ule ule kwa kila meta ingekuwa na kipenyo cha milimita 20.6 tu, na hesabu yake ingetoa takriban 8,900. Chuma ni kile kile, kilo ni zile zile, lakini bomba linakataa kupinda zaidi ya mara 8 kuliko nondo.

Mwanafunzi akilifanyia hesabu hiyo bomba la milimita 50 na 2 atapata takriban 87,000, ijapokuwa bomba hilo ni jepesi kuliko la kwanza. Atauliza basi, kwa nini tusiendelee hivyo hivyo, tukachukua bomba nene kama mgomba lenye ukuta mwembamba kama karatasi? Ajaribu kulikanyaga kopo tupu la maziwa. Ukuta ukiwa mwembamba kupita kiasi, bomba halipindi taratibu, bali hubonyea mahali pamoja na kukunjika ghafula. Milimita 2 ni mpaka uliowekwa ili jambo hilo lisitokee. Kwa sababu hiyo hiyo bomba likipindwa lazima lipindwe likiwa baridi, na kipenyo chake kifupi mahali pa kona kisipungue sehemu 0.9 ya kipenyo kirefu. Mkaguzi hupima kona kwa kalipa, na kona iliyokuwa bapa haina dawa ila kukata na kuanza upya.

Kisha ni miguu ya kizimba. Tuseme gari la kilo 1,200 linaangukia paa, na mguu mmoja unabeba kani ya mara tatu ya uzito wa gari, takriban nyutoni 35,000. Ncha ya bomba ina eneo la milimita za mraba 334. Kanieneo yake juu ya sakafu ni kama nyutoni 105 kwa kila milimita ya mraba, nayo hulitoboa bati kama kisu kinavyotoboa kibuyu. Kanuni zinadai mguu wa upinde mkuu ukae juu ya bamba lililochomelewa sakafuni, lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimeta za mraba 120. Sasa kanieneo imeshuka hadi nyutoni 3 hivi. Wachota chaza na wakata mikoko hufanya vivyo hivyo wanapotandika ubao ili wapite juu ya tope.

Jambo la mwisho ni kuchomelea, na hapa mkaguzi hutumia kidole. Kila kiungo lazima kichomelewe kuzunguka bomba lote. Lakini pale juu, bomba linapokaribiana na paa, mkono wa fundi haufiki, na kuna mafundi wanaochomelea upande unaoonekana tu kisha wakapaka rangi. Kidole kikipita nyuma ya kiungo na kukuta mfereji mahali ambapo pangekuwa na tuta, kazi nzima imekataliwa. Mafundi wenye uzoefu hutoboa matundu sakafuni kabla ya kuweka mabamba, wakakiteremsha kizimba sentimeta kadhaa ili nafasi ipatikane juu, wakachomelea viungo vyote vya paani, ndipo wanapokiinua tena na kukisimamisha juu ya mabamba yake. Ni kazi ya siku nzima zaidi, wala hakuna mtazamaji atakayeiona.

Vitu vilegevu

Spana ya nusu kilo iliyosahauliwa chini ya kiti ina nishati ya jouli 100 gari linapokwenda meta 20 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na spana hiyo kuangushwa kutoka urefu wa meta 20 juu ya kichwa cha mtu. Hakuna mtu angekubali kusimama chini ya jengo la ghorofa sita huku spana zikidondoshwa, lakini wapo wanaokubali kupanda gari lenye jeki lililofungwa kwa kamba ya mpira.

Vifungo vya kizimamoto hutakiwa kuvumilia mara 25 ya uzito wake. Kizimamoto cha kilo 4 pamoja na chupa yake huwa, kwa kitambo hicho kifupi, kama gunia la mahindi la kilo 100. Betri ya kilo 16 huwa kama magunia manne. Ndiyo maana mikanda ya plastiki haikubaliwi, na mkaguzi huishika betri kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zake zote.

Moto na umeme

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa nishati ya kadiri ya jouli milioni 32. Gari zima la kilo 1,200 liendalo kilometa 120 kwa saa lina nishati ya mwendo ipatayo jouli 667,000. Kwa hiyo lita moja tu iliyomwagika imebeba karibu mara 50 ya nishati ya gari lenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia sakafuni. Kati ya injini na chumba cha dereva, na kati ya tangi na chumba hicho, lazima pawe na ukuta usiopitisha moto. Kila tundu la waya lizibwe. Mavazi ya dereva hutengenezwa kwa nyuzi zisizoshika moto, lakini yanampa sekunde tu, si dakika. Fulana ya nailoni ndani yake ni hatari, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Pamba ni afadhali.

Kosa la umeme linalojirudia zaidi ni la swichi kuu. Kanuni zinataka swichi moja, inayoweza kufikiwa na dereva aliyefungwa mikanda na pia na mwokoaji aliye nje, izime umeme wote na injini pia. Nje ya gari mahali pake huonyeshwa kwa alama ya cheche nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu. Dereva wa ridhaa huikata waya nene ya betri, akaweka swichi hapo, akaridhika. Siku ya ukaguzi injini inanguruma, mkaguzi anazungusha swichi, na injini inaendelea kunguruma! Sababu ni alteneta: maadamu inazungushwa na injini, yenyewe huzalisha umeme wa kutosha kulisha kiwashio na pampu ya petroli. Swichi inayofaa ina vituo sita: viwili vinene vya betri, viwili vinavyokata waya wa kiwashio, na viwili vinavyoupeleka umeme uliobaki katika alteneta kwenye bodi kupitia kikinza kidogo. Jaribio hili lifanywe nyumbani, injini ikiwa katika mzunguko wa kadiri, na lirudiwe.

Breki

Breki huigeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Zile jouli 667,000 zikigawanywa kwa diski nne za chuma zenye jumla ya kilo 24, zitapandisha joto lake kwa nyuzi 60 hivi kila gari linaposimamishwa. Katika mteremko wenye kona kumi, diski hazipati muda wa kupoa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka katika nyuzi 230 au zaidi, lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya huweza kuchemka katika nyuzi 155. Mvuke hushindilika, tofauti na mafuta. Pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Chupa mpya ya mafuta ni kitu rahisi kuliko vyote vilivyotajwa humu.

Kabla ya kukata bomba

Unene wa bomba hauonekani kutoka nje likishachomelewa. Baadhi ya vyama vya mbio huko Marekani vimewahi kudai litobolewe tundu dogo la milimita 5 hivi ili mkaguzi apitishe kipimo. Wanafunzi wanaweza kufanya vizuri zaidi kabla bomba halijakatwa, kwa mizani ya dukani. Chuma kina kilo 7,850 kwa kila meta ya ujazo. Meta moja ya bomba la milimita 45 lenye unene wa 2.5 inapasa kuwa na kilo 2.62, lenye unene wa 1.5 litakuwa na kilo 1.61 tu. Wapewe kipande cha bomba chenye kipenyo cha nje cha milimita 45 na urefu wa sentimeta 40, ambacho mizani imeonyesha gramu 850, kikiwa kimeuzwa kama bomba la milimita 2.5. Watafute unene wake halisi, kisha waeleze kama wangemruhusu ndugu yao alijengee kizimba.